Mlipuko wa ugonjwa hausimamishi mkataba wa kazi

Ugonjwa wa mlipuko ukitangazwa, waajiri wengi wa Tanga huanza na mambo mawili. La kwanza ni ndoo ya maji yenye koki mlangoni. La pili ni ujumbe kwenye kundi la WhatsApp: "Kuanzia kesho pumzikeni nyumbani mpaka mtakapoitwa." Ndoo iwekwe. Huo ujumbe ndio unaozaa mashauri.

Aliyeambiwa "pumzika" hajui kama ameachishwa, amesimamishwa au yuko likizo, na mwajiri naye mara nyingi hajui. Wakati huo mkataba unaendelea na mshahara unadaiwa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 28, hairuhusu mshahara kukatwa isipokuwa sheria, mkataba wa hali bora au amri ya mahakama imeagiza au kuruhusu, au mfanyakazi mwenyewe amekubali kwa maandishi akatwe kulipa deni. Kifungu cha 15 kinataka masharti ya kazi yanapobadilika, mwajiri ashauriane na mfanyakazi, arekebishe maelezo ya maandishi na kumjulisha. Biashara kuwa mbaya hakuondoi hata moja kati ya hayo. (Namba ninazotaja ni za sheria ya 2004. Ukifungua toleo jipya tafuta kwa mada, na hakikisha lina marekebisho ya 2025.)

Kwa maoni yangu, likizo bila malipo si dhambi. Kwa hoteli iliyobaki na wageni wawili, au kampuni ya usafirishaji ambayo malori yake yamekwama Horohoro, mpakani na Kenya, inaweza kuwa njia ya kuokoa ajira za watu. Lakini iwe makubaliano ya kweli. Karatasi iseme tarehe ya kuanza na ya kuisha, kwa sababu "mpaka hali itakapotengemaa" si tarehe. Iseme kama mtu atalipwa sehemu ya mshahara, na kiasi gani. Iseme michango ya NSSF itahesabiwa juu ya kiasi gani, bima ya afya italipwa na nani, na kama anaishi kwenye nyumba ya kampuni, kama walivyo wengi kwenye mashamba ya mkonge, ataendelea kukaa humo. Iseme pia kwamba anarudi kwenye kazi yake ileile. Kila mmoja asaini yake na abaki na nakala. Karatasi moja ya majina iliyozungushwa getini asubuhi, watu wakisaini huku wakikimbilia zamu, haina uzito wa ridhaa.

Kabla ya kufika huko, tumia likizo ya mwaka. Ni siku 28 zenye malipo, na mwajiri ana mamlaka ya kupanga zichukuliwe lini, mradi isizidi miezi sita baada ya mzunguko wa likizo kuisha. Hapa wengi wanajinyima nafasi: wanaacha likizo zilundikane, halafu mlipuko unawakuta hawana hata daftari la kuonyesha nani anadai siku ngapi.

Anayeugua ana haki yake. Likizo ya ugonjwa ni siku 126 katika mzunguko wa miezi 36: siku 63 za kwanza kwa mshahara kamili, 63 zinazofuata kwa nusu. Anahitaji cheti cha daktari anayetambulika. Tatizo ni yule ambaye haumwi ila amekaa karibu na mgonjwa. Hana cheti cha ugonjwa, na humtaki kiwandani. Msimamo wangu ni kwamba ukimzuia wewe mwenyewe mlangoni, ilhali yeye amekuja tayari kufanya kazi, mlipe. Kama ni bwana afya aliyemwagiza abaki ndani, jibu liwe limeandikwa kwenye kanuni zenu za kazi kabla ugonjwa haujafika, la sivyo mtabishana naye akiwa kitandani. Na jina lake lisibandikwe ubaoni wala kutumwa kwenye kundi. Taarifa za afya ni taarifa nyeti chini ya Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Waliokuwa naye zamu moja waambiwe kwamba walikuwa karibu na mgonjwa, basi.

Ikibidi kupunguza watu, kifungu cha 38 cha sheria ileile ya ajira kinataka mwajiri atoe notisi ya kusudio, atoe taarifa zote zinazohusika, kisha ashauriane juu ya sababu, njia za kuepuka au kupunguza idadi, namna ya kuchagua, muda, na malipo. Atashauriana na chama cha wafanyakazi kilichopo (CHODAWU kwa hoteli, TPAWU kwa mashamba, TUICO kwa viwanda), na wasiowakilishwa nao wasikilizwe. Msipoafikiana, suala linakwenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi kwa usuluhishi kwanza. Kinachowaangusha waajiri ni tarehe. Kikao kimefanyika tarehe 10, barua za kuachishwa zimechapwa tarehe 9. Hapo hakukuwa na mashauriano, kulikuwa na tangazo. Mfanyakazi naye ajue ana siku 30 tu za kupeleka shauri la kuachishwa kazi isivyo halali, asizimalize akisubiri simu ya bosi.

Kiinua mgongo nacho hukosewa kwenye hesabu. Ni mshahara wa msingi wa siku saba kwa kila mwaka uliokamilika, usiozidi miaka 10. Siku haipatikani kwa kugawa mshahara kwa 30. Jedwali la sheria linagawa mshahara wa mwezi kwa 4.333 kupata wa wiki, kisha kwa siku za kazi katika wiki. Anayelipwa shilingi 312,000 na kufanya kazi siku sita kwa wiki, siku yake ni 12,000. Kwa miaka sita anadai 504,000. Ukigawa kwa 30 utampa 436,800, umempunja 67,200. Juu ya hapo kuna notisi ya siku 28 kwa anayelipwa kwa mwezi, siku za likizo zilizobaki, nauli ya kurudi alikoajiriwa, na cheti cha utumishi.

Wateja na wauzaji wana sheria yao. Kifungu cha 56 cha Sheria ya Mikataba kinafuta mkataba pale jambo linapokuwa haliwezekani, si pale linapokuwa ghali au la kuchelewa. Mei 2020 Kenya ilipofunga mpaka kwa abiria na kuacha mizigo ipite, madereva wakipimwa, lori lililosubiri lilichelewa tu. Mkataba wake ulibaki. Ukumbi wa harusi uliozuiwa na mamlaka ni jambo jingine, na malipo ya awali yanarudi chini ya kifungu cha 65. Mkataba wako kama una kipengele cha majanga, angalia kama kinataja magonjwa ya mlipuko kwa jina na kinampa kila upande siku ngapi za kutoa taarifa. Kama hakitaji, ongeza sasa, wakati mwenzako bado hana haraka ya kukataa.