Kompyuta ya Kilo

Mjomba wangu ni fundi vinyago pale Mwenge, na ndiye aliyetoa hela ya kompyuta. Mwenye hela ndiye mwenye kauli, kwa hiyo tulipoingia Kariakoo mimi nilikuwa mpambe tu.

Na mimi ni mchongaji, ila nachonga kwenye kioo cha kompyuta, kwa programu ya ZBrush. Programu hii ina tabia yake: mzigo karibu wote inaitupia prosesa, yaani ubongo wa kompyuta, na RAM, kumbukumbu yake ya kufanyia kazi; kadi ya grafiki haina habari nayo sana. Sanamu ikifika poligoni milioni 20, vile vipande vidogo vinavyounda uso wake, mpaka vitundu vya ngozi vinaonekana, RAM ndogo inaomba poo.

Winga aliyetudaka Msimbazi hakutaka kusikia hayo. Akatupandisha ghorofani, akatuwashia dude lenye vioo ubavuni na feni zinazobadilika rangi kama ukumbi wa harusi.

"Mzee, hii kadi ya grafiki ni balaa!"

Nikauliza RAM. GB 8. Nikasema haitoshi. Jamaa wa kaunta akadakia kwamba ZBrush yenyewe haili zaidi ya GB 4. Habari zake zilikuwa za kweli mpaka 2015, lilipotoka toleo la 4R7 lenye biti 64, linaloweza kutumia RAM zaidi ya hapo. Nilipomwambia hivyo akaanza kufuta vumbi kaunta.

Mjomba wala hakuwa nasi. Alikuwa anainua mashine moja moja. Anainua, anafumba macho, anashusha, anagonga ubavu kwa kidole, anatega sikio. Ndivyo anavyonunua mpingo: mpingo wa kweli ni mzito, ukiutia majini unazama. Dude la taa alilinyanyua kwa mkono mmoja, akaguna. "Debe tupu hili."

"Mzee wangu, kompyuta hainunuliwi kwa kilo."

"Kumbe mnauza kwa mita?"

Chini ya meza kulikuwa na likompyuta jeusi la mtumba, lililotumika ofisini huko Ulaya, vumbi limeganda kwenye matundu. Mjomba akalikamata kwa mikono miwili, kiuno kikalia, uso ukamng'aa. "Hili hapa." Nikainama kusoma kibandiko: prosesa mbili za Xeon, RAM GB 64. Moyo ukaniruka, mdomo nikaubana, maana winga akishajua unakitaka kitu, bei inaota mbawa.

"Haya mjomba," nikasema kwa unyonge wa kuigiza, "kama umelipenda wewe..."

Tuliuziwa kwa bei ya kutupa. Dukani walikuwa wamechoka kujigonga nalo miguu. Bodaboda tuliyemwita alijaribu kulinyanyua, mara akakumbuka ana abiria anamsubiri Ilala. Tukachukua guta.

Nyumbani nikaliwasha. Likanguruma hadi mama wa chumba cha mbele akatoka na kanga yake kuuliza nani kaleta jenereta. Lakini kazi! Nilizungusha kichwa cha sanamu chenye mamilioni yake ya poligoni bila kukwama hata kidogo. Mjomba akaomba na yeye ajaribu. Kalamu ya tableti inasikia mkono: ukigusa taratibu inakwaruza, ukikandamiza inachimba. Yeye akaishika kwa ngumi, patasi kabisa, macho yanatafuta nyundo. Pigo moja, pua ya sanamu ikaingia ndani ya fuvu.

"Mti wako laini mno," akasema.

Nikabonyeza Ctrl na Z, pua ikarudi mahali pake. Mjomba akaganda.

"Hebu tena."

Akaichimba tena, nikairudisha. Akachimba sikio, nikalirudisha. Akavua kofia. "Na ile twiga ya yule Mjerumani iliyokatika shingo, ungeweza?"

Kabla sijajibu, giza. LUKU. Nyumba nzima tunachangia mita moja, na uniti zilikuwa zimewekwa asubuhi ile ile. Milango ikafunguka, tochi za simu zikajaa koridoni.

"Nani anachomelea vyuma humu ndani?"

Mjomba akatoka kunitetea. Hakubishana kuhusu umeme. Aliwakaribisha wapangaji waingie wainyanyue mashine wenyewe, waone mali ilivyo. Wanaume wawili walijaribu, mmoja akatoka ameshika kiuno. Wakajadiliana pale pale gizani, wakapitisha kwamba kuanzia sasa kwenye LUKU nachangia sehemu ya watu watatu, kulingana na uzito.