SBB ilipoteza nini ilipoingia studio?

SBB, bendi ya muziki wa roki, ilizaliwa mwaka 1971 Siemianowice Śląskie, mji wa migodi ya makaa ya mawe kusini mwa Poland, na mwanzoni herufi zake zilitaja bluzi ya Silesia, jimbo lao. Wanamuziki wake walipoachana na mwimbaji Czesław Niemen, waliyekuwa wakimpigia, herufi zilezile zikapewa maana mpya kwa Kipolandi: Szukaj, Burz, Buduj, yaani Tafuta, Bomoa, Jenga. Ubishi kuhusu kazi yao unahusu zaidi vitenzi viwili vya mwisho.

Wapenzi wa kubomoa hushikilia albamu ya kwanza ya mwaka 1974, iliyorekodiwa jukwaani katika klabu ya Stodoła, Warsaw. Walikuwa watatu tu: Józef Skrzek kwenye besi, vinanda na sauti, Apostolis Anthimos kwenye gitaa na Jerzy Piotrowski kwenye drams, lakini walivyofukuzana na kupishana, ungedhani kila mmoja anabuni sehemu yake papo hapo huku akiwategea sikio wenzake. Kwa wasikilizaji hao, albamu za studio, Nowy horyzont ya mwaka 1975 na Pamięć ya mwaka uliofuata, ni moto uliofunikwa majivu.

Hoja hiyo ina uzito, kwani vinanda vya Skrzek vilipozidi kutanda, gitaa la Anthimos lilibanwa pembeni, na hilo ni hasara ambayo hata mimi ninayeipenda Pamięć siwezi kuikana. Hata hivyo, albamu hiyo ina nyimbo tatu tu, na wa mwisho umejaza upande mzima wa sahani ya santuri. Kumshika msikilizaji kwa dakika takriban ishirini, kwa mwendo wa polepole usio na kiitikio cha kumpumzisha, ni ujasiri usiopungua ule wa Stodoła. Ninachoona kuwa kilipotea kweli kilipotea baadaye, mwaka 1978, katika Follow My Dream iliyotolewa Ujerumani Magharibi, ambapo Skrzek anaimba Kiingereza kama mtu aliyevaa koti la kuazima. (Kibiashara, uamuzi wenyewe unaeleweka.)

Bendi ilivunjika mwaka 1980. Mwaka uliofuata ikatoka Memento z banalnym tryptykiem, yenye wimbo mwingine wa upande mzima, na humo gitaa la Anthimos limepewa tena nafasi ya kupumua.