Jeshi la Japani kwenye gemu za vita: bunduki walizobeba, au zile zilizobaki karakana?

Askari wa Kijapani wa mwaka 1942 alipotaka kuitoa bunduki yake kwenye usalama hakubonyeza kitufe. Aliweka kiganja nyuma ya komeo, kile chuma kinachovutwa kukoki bunduki, akakandamiza kifuniko cha duara chenye mikwaruzo, akakizungusha kidogo. Gemu ikinionyesha mwendo huo wa kiganja, napata imani na watu walioiunda. Wameishika Arisaka, bunduki ya kawaida ya askari wa Kijapani, au wamekaa na mtu aliyeishika.

Ndiyo maana naufuatilia kwa moyo mgogoro unaozuka kila mara gemu ya Vita vya Pili vya Dunia inapoongezewa jeshi la Japani. Wachezaji wa kambi moja wanataka Arisaka za aina mbili, Type 38 na Type 99, kwa kuwa mamilioni ya askari walipigana nazo. Kambi ya pili inauliza: tutachezaje? Mmarekani ana M1 Garand, bunduki iliyoingia jeshini mwaka 1936, inayojikoki yenyewe. Anafyatua mara nane bila mkono wake wa kulia kuondoka mahali pake. Mjapani ana risasi tano, na kwa kila moja lazima avute komeo nyuma na kulisukuma mbele. Wape wachezaji wenye uwezo sawa bunduki hizo mbili kwenye kijiji chenye vichochoro, uone nani atabaki amesimama.

Hoja hiyo ina uzito, na wanaoitoa si watu wasioijali historia. Wanasema Japani nayo iliwahi kuunda bunduki ya kujikoki yenyewe. Ni kweli. Mwishoni mwa vita jeshi la majini liliunda nakala ya Garand, ile ambayo wengine huiita Type 4 na wengine Type 5, yenye nafasi ya risasi kumi badala ya nane. Ilikuwepo, ina picha, na mifano yake imehifadhiwa. Kwa nini basi isiingie kwenye gemu?

Jibu langu liko kwenye hesabu. Zilianza kuundwa kama 250, na takriban nusu ndizo zilizokamilika kabla Japani haijasalimu amri. Type 38 peke yake ilitengenezwa zaidi ya milioni tatu. Gemu ikimruhusu kila mchezaji wa upande wa Japani kuibeba nakala ile ya Garand, basi kwenye mechi moja yenye watu 32 kila upande tunaona robo hivi ya bunduki zote za aina hiyo zilizowahi kukamilika duniani, zikiwa kwenye kisiwa ambacho hazikuwahi kufika. Kwangu kigezo ni kama askari wa kawaida angeiona mikononi mwa mwenzake.

Na kinachoniuma zaidi ni kwamba bunduki halisi zenyewe zina mengi ambayo gemu nyingi haziyagusi. Type 38, ya mwaka 1905 (38 ni mwaka wa utawala wa Mfalme Meiji), ina urefu wa sentimita 128. Ukiichomeka singe inafika kama 166, yaani inampita kimo askari wengi walioibeba. Mtutu mrefu namna hiyo, pamoja na risasi ndogo ya milimita 6.5, hufanya baruti iungue karibu yote ndani. Mwali hauonekani kwa urahisi, na bega halipati teke kubwa. Kwenye msitu mnene, aliyepigwa risasi alishindwa kujua imetokea wapi. Hiyo ni nguvu halisi. Inaweza kuwekwa kwenye gemu bila kubuni chochote: mpunguzie mwali, usimchore mfyatuaji kwenye ramani ya adui, mwache avizie.

Type 99 ya mwaka 1939 ilikuja na risasi nzito zaidi ya milimita 7.7. Zile za mwanzo zilitengenezwa kwa uangalifu unaogusa: ndani ya mtutu zilipakwa kromu zisishike kutu, na shabaha yake, yaani kifaa cha kulengea, ilikuwa na mabawa madogo ya kukunjwa ili askari akadirie mwendo wa ndege. Kufika 1945 mabawa yametoweka, shabaha ya nyuma imekuwa tundu lisilosogea, na bamba la chuma kwenye kitako limebadilishwa na kipande cha mbao kilichopigiliwa misumari. Mtengenezaji wa gemu akiweka toleo la mwanzo kwenye mapigano ya 1942 na lile la mwisho kwenye ya 1945, mchezaji ataiona nchi inavyoishiwa kwa kutazama tu kitu alichoshika.

Hata nembo ina kauli. Juu ya chemba palichongwa ua la krisanthemumu lenye petali 16, alama ya mfalme. Baada ya kusalimu amri, bunduki nyingi zilisagwa ua hilo kabla ya kukabidhiwa. Anayenakili bunduki kutoka kwa mkusanyaji wa leo aangalie vizuri, asije akampa askari wa 1942 silaha ambayo ua lake limeshafutwa.

Wapo wanaouliza kwa nini jeshi lililofanya mauaji ya Nanjing mwaka 1937 lipambiwe silaha zake kwa mapenzi hivi. Nawaelewa, na mchezaji wa China au Ufilipino ana haki ya kuliona jambo hili kwa jicho jingine. Lakini sioni kwamba bunduki ya kubuni inamheshimu zaidi mtu aliyeumizwa na ile ya kweli.

Turudi kwenye mizani ya mchezo, maana hapo ndipo penye ugumu. Battlefield V ilipoleta jeshi la Japani mwishoni mwa Oktoba 2019, kwenye ramani ya Iwo Jima, iliweka Type 99, lakini silaha zilikuwa huru kwa pande zote. Mjapani angeweza kukimbia na bunduki ya Mjerumani. Mizani ikapatikana, ila upande ukabaki mavazi na sauti. Rising Storm ya 2013 ilishika njia nyingine: bunduki za kukoki kwa mkono zikabaki silaha kuu ya upande wa Japani, na pengo likazibwa kwa kirusha mabomu na kwa shambulio la pamoja la kupiga mayowe linalomvuruga adui. Nimeridhika zaidi na hii ya pili, ingawa shambulio la mayowe linaweza kugeuka kichekesho likitumiwa kila dakika.

Kilicho sahihi zaidi kwenye njia hiyo ni kirusha mabomu. Kikosi kidogo cha Kijapani hakikutegemea bunduki za mtu mmoja mmoja. Kilijengwa kuzunguka rashasha nyepesi na Type 89, kirusha mabomu cha milimita 50 ambacho askari mmoja angeweza kukibeba. Ukiwanyima wachezaji vitu hivyo, kisha ukalalamika kwamba Arisaka ni dhaifu, umeipima nusu ya jeshi.

Tena Garand haikuwa kila mahali. Wanamaji wa Marekani waliotua Guadalcanal Agosti 1942 walibeba hasa Springfield ya 1903, ya risasi tano, ya kukoki kwa mkono. Kikosi cha jeshi la nchi kavu chenye Garand kilifika Oktoba. Hapo kati kuna miezi miwili ya mapigano makali ambamo bunduki za pande zote mbili zilikaribiana sana, na mtengenezaji hahitaji kukopa chochote karakana.

Au aende Burma. Mwaka 1944 Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, wazee wetu wa keya (askari wa King's African Rifles, jeshi la Waingereza) kutoka Kenya, Uganda, Tanganyika na Nyasaland, waliwasukuma Wajapani kusini kwenye bonde la Kabaw, kwenye mvua za masika ya huko, tope na malaria, hadi Kalewa kwenye mto Chindwin mwanzoni mwa Desemba. Walibeba Lee-Enfield, bunduki ya Waingereza: risasi kumi, komeo la kuvutwa kwa mkono kama la Arisaka. Wale wanaosema Japani haiwezi kuchezeka bila nakala ya Garand, ningependa waijaribu ramani hiyo kwanza. Mwonekano ni mita chache, mvua haikatiki, Type 38 yenye mwali usioonekana kwa urahisi iko mahali fulani mbele, na anayeitafuta ni askari anayewaita wenzake kwa Kiswahili.