GB 30 na Nusu

Mimi ni Yanga wa kuzaliwa, tena Yanga wa Temeke, na uchambuzi wa mpira niliuanza kabla sijaota ndevu. Kijiweni kwetu ukitaka kujua mzunguko wa pili utakwendaje, ulikuwa unanitafuta mimi. Nilitabiri mengi. Machache yalitokea. Basi nilipohamia Maryland kule Marekani nikapata kibarua kwenye ghala moja, na siku moja ya Julai 2019 msimamizi wetu akauliza kama kuna mtu mwingine anayeweza kuchambua ligi maana amechoka kusikiliza watu walewale, mkono wangu ulipanda wenyewe. Sikuuliza ligi ya nini.

Ilikuwa ya besiboli.

Besiboli nilikuwa nimeiona mara mbili kwa kinyozi. Kwa macho yangu ilikuwa rede ya watu wazima: mmoja anarusha, mmoja ana rungu, wengine wamesimama kwenye majani wanatafuna kitu na kutema. Nilijua timu ziko 30. Nilijua pia kila timu hucheza mechi 162 kwa msimu, na hilo lilikuwa limeninyima usingizi, maana Yanga wakipangiwa mechi mbili ndani ya wiki moja msemaji anaita waandishi wa habari. Hawa wenzetu wanacheza karibu kila siku, toka mwisho wa Machi hadi mwisho wa Septemba. Katikati ya Julai wanapumzika siku chache, nyota wao wanacheza mechi yao ya kujionyesha, mwaka ule ilikuwa Cleveland, na hapo nchi nzima inageuka kijiwe. Kila gazeti linatoa tathmini ya nusu msimu kwa mtindo wa ripoti ya shule: huyu A, yule C, huyu F mzazi aje. Ukipiga hesabu nusu ya 162 ni 81, na wakati huo timu nyingi zimeshafika mechi ya 90 hivi, lakini mwalimu gani anayejali.

Msimamizi akanipa karatasi yenye majina ya timu zote 30, na nafasi ya kuandika alama mbele ya kila jina. "Kesho saa ya chakula utatusomea," akasema.

Usiku nikafungua simu nikatafuta msimamo. Sasa mtu anayejua kusoma msimamo wa ligi haanzii mwanzo. Anakwenda moja kwa moja safu ya mwisho kulia, kwenye pointi, huko kwingine ni mapambo. Nami nikasukuma kwa kidole hadi mwisho. Safu ya mwisho iliandikwa GB.

Mimi GB naijua. Nani kwetu haijui GB? Zikiwa nyingi ni neema, zikikata unaomba jirani akuwashie. Nikaangalia nani anazo. New York Yankees, timu ambayo hata bibi yangu ana kofia yake na hajui ni ya nini, walikuwa na kistari tu. Kistari! Bando limekata. Los Angeles Dodgers, kistari. Houston, kistari. Milwaukee walikuwa na nusu GB, yaani hata picha moja haifunguki. Nikashuka chini, chini kabisa ya kundi la Yankees, na pale nikamkuta mtu amejaa: Baltimore Orioles, GB 30 na nusu.

Najua unachotaka kusema. Kwamba walikuwa wa mwisho kwenye orodha. Niliona. Lakini jiweke kwenye nafasi yangu: nilikuwa nchi ambayo tarehe inaanza na mwezi, nyuzi 90 ni joto la kawaida tu, na mpira wa kushika kwa mikono ndio unaitwa futiboli. Niliposhuhudia kinara akiwa mkiani nilisema moyoni, hawa watu bwana, hata msimamo wanauning'iniza miguu juu.

Ile nusu ndiyo iliyonitatiza. Nusu ya ushindi inapatikanaje? Nikampigia shemeji yangu, ambaye ana miaka 12 huku, nikamkuta ametoka zamu ya usiku na sauti imelala.

"Shem, samahani. GB 30 na nusu ni nzuri?"

"Thelathini na nusu?" akasema. "Nzuri sana, Shem. Kwa bei gani?"

Nikajua anaulizia thamani ya wachezaji. Nikamwambia bei sijaiona.

"Kama si kubwa, kamata hiyohiyo."

Mtu wa miaka 12 akikwambia kamata, unakamata.

Kesho yake nilisimama mbele ya watu 22 wenye masanduku yao ya chakula. Nilianza kama wanavyoanza wachambuzi wa redio asubuhi, kwa kuvuta pumzi na kusema mzunguko wa kwanza umetufundisha mengi. Kisha nikatoa alama. Yankees, F. Minneapolis, maana timu ya Minnesota ndiko iliko, F. Houston, Atlanta, Chicago Cubs, Dodgers, wote wenye vistari, F. Washington, ambao ndio timu ya msimamizi wetu, walikuwa na GB 6. Nikawaambia kwa upole kwamba hizo ni za wiki moja, tena kama huangalii video, nikawapa D. Detroit na Kansas City nikawapa A. Na bingwa wa mwaka, nikasema nikigonga meza, ni Baltimore.

Kicheko kilichopigwa pale sijawahi kukisikia tena. Kuna dada wa El Salvador alilazimika kukaa sakafuni. Mimi nikadhani ni kebehi za mashabiki wa timu kubwa, tumezizoea Kariakoo, nikakaza: "Baltimore wasipobeba kombe, nawapikia pilau zamu nzima." Msimamizi akaandika ahadi hiyo kwenye ubao kwa kalamu nyekundu, na chini yake akaandika jina langu, kwa usahihi, jambo ambalo alikuwa hajawahi kulifanya.

Mtu mmoja tu hakucheka. Alikuwa mzee anayeendesha fokolifti, mzaliwa wa Baltimore. Alikuja taratibu akanishika mkono kwa mikono yake miwili. Akaniambia timu yake mara ya mwisho kuchukua ubingwa wa Marekani ni mwaka 1983, na msimu uliotangulia walipoteza mechi 115, na kwamba ni muda mrefu hajasikia mtu akiisema vizuri mbele za watu. Macho yalikuwa yamelowa. Akasema ana tiketi mbili za Jumapili.

Hapo ningeweza kujiuliza maswali. Mechi 115! Nikasema ndiyo maana ya kujenga timu upya.

Jumapili ya tarehe 14 Julai tukaenda Camden Yards. Uwanja mzuri, siwezi kuwadhulumu. Upande wa kulia kuna ghala refu la matofali mekundu la reli ya zamani, nikajisikia niko kazini. Mzee alinivalisha kofia ya rangi ya chungwa yenye ndege. Wimbo wa taifa ukaanza, nikainamisha kichwa kwa adabu ya mgeni, mkono kifuani, mara katikati ya wimbo uwanja mzima ukapiga ukelele: "O!" Niliruka, soda ikamwagikia viatu vya mtu wa mbele. Kumbe ndio utamaduni wao, herufi ya Orioles inapopita kwenye wimbo wa taifa wanaikamata.

Wapinzani walikuwa Tampa Bay. Pembeni yangu alikaa kijana mwenye jezi yao, ana daftari na penseli, anaandika kila mpira unaorushwa kama karani wa sensa. Mrushaji wao wa kwanza alirusha awamu mbili tu wakamtoa. Nikamnong'oneza mzee, "Wameshaanza kuyumba." Mzee akanitazama kwa muda, hakusema kitu.

Mechi ni awamu tisa. Awamu ya tatu ikapita, ya nne, ya tano. Mabingwa wangu wanakwenda na rungu, wanarudi na rungu. Mmoja anapiga hewa, mwingine anapiga juu mpira unadakwa, mwingine anapiga chini anatangulizwa na mpira kwenye beisi ya kwanza, yaani kituo ambacho mpigaji hukimbilia akishapiga. Hakuna aliyesimama hata kwenye ile ya kwanza. Nilivumilia kwa heshima ya GB. Lakini kuanzia awamu ya saba nikaona jambo la ajabu: uwanja umetulia. Yule kijana wa Tampa ameacha kula. Mguu unamtetemeka, daftari limeshikwa kwa mikono miwili, na hata mzee wangu amekunja midomo kama yuko msibani.

Awamu ya nane ikaisha. Wapigaji 24 wamekwenda, 24 wamerudi. Mimi mchambuzi nikaona wajibu wangu ni kusema wanachokiona wote wakashindwa kukisema. Nikasimama, nikasema kwa sauti ya Temeke:

"Jamani, hivi mmeona? Toka mechi ianze hakuna hata mmoja wetu aliyefika beisi ya kwanza!"

Kama ningetukana mama ya mtu ingekuwa afadhali. Kijana wa Tampa alinigeukia akiwa amepauka, akasema "usiseme," kisha akasema tena "usiseme," kama anayemwomba jambazi. Safu tatu za mbele ziligeuka. Mzee akanivuta shati nikakaa, akanieleza sikioni. Kurusha mechi nzima bila mpigaji hata mmoja kufika beisi, 27 wote chini, ni jambo ambalo katika historia yote ya ligi zao kubwa, toka karne ya 19, lilikuwa limetokea mara 23 tu. Na lenyewe kwa warushaji wawili kushirikiana lilikuwa halijatokea kamwe. Na mwiko wake ni mmoja: likiwa linaendelea, halitajwi. Wachezaji hawalitaji, hata kumsogelea mrushaji hawamsogelei. Ukilitaja umeliua.

Sisi tuna timu zinazoingia uwanjani kwa kuruka ukuta kukwepa mlango uliopakwa dawa, kwa hiyo nilielewa haraka sana nilichofanya.

Awamu ya tisa ikafunguka. Akaja Hanser Alberto wa kwetu. Walinzi wa Tampa walikuwa wamejazana upande wa kushoto wakijua huko ndiko hupenda kupiga. Yeye akausukuma mpira kulia, mahali ambapo hapakuwa na mtu, ukapita chinichini hadi kwenye majani, naye akasimama beisi ya kwanza.

Penseli ya yule kijana ilivunjika. Nilisikia.

Na uwanja ukalipuka! Watu wamesimama, wanakumbatiana, wanapigana mabega, mtu nisiyemjua amenibusu kwenye kofia akisema ni wewe, ni wewe. Mimi nikajua tumeshinda. Nikavua shati. Nikalizungusha kichwani, nikaimba wimbo wetu wa kijiweni wote beti mbili, nikashuka ngazi kwenda kuwapongeza vijana, na askari wa uwanjani ndiye aliyenirudisha akiniambia kwamba tuko nyuma 4 kwa 0 na mechi inaendelea. Tulikufa 4 kwa 1.

Tukiwa kwenye gari kurudi, mzee alicheka mpaka akapunguza mwendo. Ndipo nikamtolea simu kumwonyesha kwa nini sina wasiwasi: hizi hapa GB. Akasimamisha gari kituo cha mafuta.

GB, alinieleza, ni idadi ya mechi unazodaiwa na kinara wa kundi lako. Kinara hadaiwi, ndiyo maana ana kistari. Akachukua risiti ya maegesho akapiga hesabu nyuma yake: wakati wa mapumziko Yankees walikuwa wameshinda 57, Baltimore 27, tofauti 30. Yankees wamepoteza 31, Baltimore 62, tofauti 31. Jumlisha, 61. Gawa kwa mbili. Nikaiona ile nusu yangu imekaa pale kwenye wino wa buluu, inaniangalia.

"Ulidhani nini?" akauliza.

Nikamwambia nilikuwa natania tangu mwanzo. Hakuamini.

Mzunguko wa pili ulinimaliza taratibu. Kati ya timu sita nilizozipa F, tano zilimaliza zikiongoza makundi yao. Zile mbili za A pamoja na bingwa wangu zilipoteza zaidi ya mechi 100 kila moja. Baltimore 108, na warushaji wao wakaweka rekodi ya kupigwa mipira 305 ya kutoka nje ya uzio. Na Washington, wale wa bando la wiki, ambao mwezi Mei walikuwa wameshinda 19 na kupoteza 31 hadi watu wakataka kocha afukuzwe, walipanda, wakapanda, na tarehe 30 Oktoba wakaifunga Houston kwao 6 kwa 2 katika mechi ya saba ya fainali. Fainali yenyewe ya kichawi: mechi saba zote, aliyeshinda ni mgeni. Msimamizi alikuja kazini hana sauti. Alinionyesha ubao kwa kidole.

Novemba nikapika. Kilo sita za mchele, nyama, vitunguu vilivyokaangwa hadi vikawa vyeusi inavyotakiwa, bizari nyembamba, iliki, mdalasini. Shemeji akanisaidia kubeba sufuria, maana gari lake ndilo lililokuwa na buti kubwa. Mzee wa fokolifti alikula sahani mbili amevaa kofia ya ndege. Mtu akamsimulia shemeji kisa kizima, kistari, nusu, pilau, na nikamwona shemeji anatafuna polepole, halafu anaacha kutafuna.

"Shem," akasema. "Zile GB 30 na nusu ulizoniuliza usiku ule."

"Ndiyo, Shem."

"Kumbe ulikuwa unaulizia mpira?" Akaweka kijiko chini. "Mimi nimezunguka maduka matatu ya simu naitafuta hiyo ya 30 na nusu. La tatu walimwita meneja aje kunitazama."