Kabla hujampa kifaranga mdudu, jua mdudu huyo amekula nini

Kifaranga hafundishwi mdudu ni nini. Mwekee buu mmoja anayejinyonganyonga kwenye kisahani na, hata kama ametotolewa kwa mashine na hajawahi kulala chini ya bawa la mama, atainamisha kichwa, atamkazia buu jicho la upande mmoja, atarudi nyuma hatua moja, kisha atadonoa. Akishamnasa anachomoka mbio, buu ananing'inia mdomoni, na kundi zima linamfukuza kuizunguka bruda, yaani boksi lenye joto la kulelea vifaranga, wakiwemo wale wasiojua wanakimbilia nini. Mimi naipenda sana hali hiyo, na simkatazi mtu kuwapa vifaranga wake wadudu hai. Ninachopinga ni haraka yetu ya kuchota chochote kinachotambaa na kukimwaga bandani, eti kwa kuwa kuku ndivyo alivyoumbwa.

Nami niliamini hivyo mpaka siku nilipompa kifaranga wa siku 6 panzi mzima. Machoni pangu alikuwa panzi mdogo, lakini kwa koo lile alikuwa mkubwa mno. Kichwa kilipita, mwili ukapita, miguu ya nyuma ikakwama. Miguu ya panzi ina miiba kama meno ya msumeno, na kila kifaranga alipojaribu kumeza ilizidi kushika. Alinyoosha shingo, akafumba macho, akawa anafungua mdomo bila kutoa sauti. Nilimshika, nikauvuta mguu mmoja taratibu kwa ncha za kucha ukatoka. Wa pili ukakatikia ndani. Nikadhani yamekwisha. Kesho yake asubuhi gole lake, ule mfuko wa chakula ulio chini ya shingo, lilikuwa bado limejaa, gumu chini ya ngozi kama harage. Wenzake walikuwa wanakula, yeye amesimama pembeni, manyoya yamemtimka. Siku ya tatu nilimkuta amekufa.

Tangu hapo mchanga ndio unaotangulia, mdudu anafuata. Kuku hana meno. Anachomeza hukaa kwanza kwenye gole, hupita kwenye tumbo lenye tindikali, kisha hufika kwenye firigisi, na humo kinachosaga ni misuli ya firigisi yenyewe pamoja na vijiwe alivyovimeza. Kifaranga anayekula chakula chake cha unga au chenga peke yake anaweza kukaa bila mchanga, kwa sababu chakula hicho kimeshasagwa. Ukimwongezea mdudu mwenye ganda, hesabu inabadilika. Mimi huweka kisosi cha mchanga mkavu na safi, wenye chembe kubwa kidogo kuliko za sukari, siku 2 kabla ya mdudu wa kwanza. Siuweki katika siku za mwanzo kabisa, maana kifaranga ambaye bado hajajua chakula chake ni kipi anaweza kushiba mchanga.

Wiki ya kwanza simpi mdudu yeyote. Kifaranga hutoka kwenye yai akiwa na akiba ya kiini tumboni inayoweza kumbeba siku 2 hadi 3, na baada ya hapo ana mengi ya kujifunza: maji yako wapi, chakula kiko wapi, joto liko upande gani. Bruda inatakiwa iwe kwenye nyuzijoto 32 hadi 35 wiki hiyo, kwani akipoa, hata chakula kilichomo tumboni hakisagiki vizuri. Mdudu wa kwanza kwangu ni karibu na siku ya 10, na huwapa wale wenye afya tu. Wanaoharisha au waliogandiwa na kinyesi nyuma wanasubiri.

Huwa naulizwa: mbona kuku mwenye vifaranga anawalisha wadudu tangu siku ya pili? Swali hilo ni la haki. Lakini mwangalie anavyofanya. Anaparua, anaita kwa sauti fupifupi za harakaharaka, anamwokota mdudu na kumwangusha, anamwokota tena na kumwangusha, mpaka amemlegeza au amemvunjavunja. Wale wakubwa sana huwameza mwenyewe. Vifaranga wake wanadonoa mchanga tangu wanatoka kwenye kiota, na wakipoa wanarudi chini ya bawa. Na hata hivyo, si wote anaotoka nao asubuhi hurudi nao jioni. Sisi tunaoshika nafasi yake ndani ya boksi lenye taa tunachukua sehemu tamu ya kazi yake, kugawa wadudu, na kuiacha ile ya kuwavunja na kuwachagua.

Hata hivyo, ukubwa wa mdudu si ndio unaonitia hofu zaidi. Hofu yangu kubwa ni tumbo lake. Mdudu ni mfuko, na kifaranga anaumeza mfuko pamoja na vilivyomo.

Chukua nyungunyungu, ambaye wengi humwona ndiye salama kuliko wote kwa kuwa ni laini. Yuko minyoo anayeitwa Syngamus trachea, anayeishi kwenye bomba la hewa la ndege. Dume na jike huwa wameshikamana, wekundu, umbo lao kama herufi Y. Mayai yao hukoholewa, humezwa, hutoka na kinyesi, na nyungunyungu anayekula udongo wa mahali hapo hubeba mabuu yao mwilini kwa miaka kadhaa. Kifaranga akimla nyungunyungu huyo, baada ya muda unamwona ananyoosha shingo na kupanua mdomo kama anayetafuta hewa. Na bomba la hewa la kifaranga ni jembamba mno. Minyoo wachache tu wanatosha kuliziba. Wengine huniambia wanawaosha nyungunyungu kwanza. Maji huondoa udongo wa nje tu. Mabuu yako ndani ya nyama. Huyohuyo nyungunyungu anaweza kubeba mayai ya minyoo mwingine, Heterakis gallinarum, ambayo nayo hubeba kijidudu cha ugonjwa unaoharibu ini, na bata mzinga wachanga ndio huumia zaidi. Kwa hiyo nyungunyungu wa uwanja ambao kuku wakubwa wamekuwa wakitembea siwapi vifaranga kabisa, wala konokono wa hapo.

Funza wa kwenye mzoga ni balaa jingine. Nyama iliyooza huweza kuwa na sumu ya bakteria aitwaye Clostridium botulinum. Funza anaila na haimdhuru, anaendelea kucheza akiwa mzima, na ndipo mfugaji anapodanganyika. Kuku akila funza hao sumu inampooza: miguu inaanza, kisha mabawa, mwisho shingo inalegea na kulala chini. Nasikia watu wakisifu ndoo yenye mzoga iliyotundikwa juu ya banda ili funza wadondoke wenyewe. Sitaifanya, na namsihi yeyote mwenye vifaranga asiifanye.

Nzi na baadhi ya mbawakawa hubeba mabuu ya tegu. Wale mbawakawa wadogo weusi wanaojaa chini ya matandazo ya banda la zamani wanaweza kubeba salmonela, bakteria wa kuharisha, kutoka kundi hadi kundi. Panzi anayeruka ovyo, rahisi kukamatwa kuliko kawaida, huenda amepita kwenye shamba lililopigwa dawa, huyo mwache. Jongoo hutoa majimaji yenye sumu, naye mwache.

Nini kinabaki, basi? Kinabaki mdudu uliyemfuga mwenyewe, au uliyempata kwa mtu anayeweza kukuambia amemlisha nini. Mimi hufuga mabuu ya Tenebrio molitor, yule mbawakawa mweusi wa kwenye unga. Nawalisha pumba kavu na kipande cha karoti cha kuwapa maji, na kipande kikianza kuota ukungu nakitoa. Buu aliyekomaa hufikia sentimita 2.5 hivi, kifaranga wa siku 10 simpi huyo, namchagulia wa nusu ya hapo, na kama amejivua ganda karibuni na bado ni mweupe, bora zaidi kwa sababu ni laini. Mabuu ya nzi askari mweusi nao ni wazuri, wana kalsiamu nyingi kuliko hao wa unga, ila swali linabaki lilelile: wamelelewa kwenye mabaki safi ya mboga, au kwenye kinyesi na taka za nyama?

Na hata awe safi namna gani, mdudu ni kionjo tu. Chakula cha vifaranga kimepangwa kiwe na protini ya asilimia 18 hadi 22 pamoja na vitamini na madini yake, wakati mabuu ya unga yana mafuta mengi na kalsiamu haba. Kifaranga aliyeshiba mabuu haendi tena kwenye chombo cha chakula. Wawili au watatu wadogo kwa kila kifaranga kwa siku wanatosha. Nawaweka kwenye kisahani chenye ukingo laini wasiweze kupanda na kupotelea kwenye maranda, nakaa hapo mpaka amalizwe wa mwisho, kisha nanawa mikono kwa sabuni, kwa sababu salmonela haiishii kwa kuku.

Usiku, kabla sijaondoka, namshika mmoja mmoja na kulipapasa gole kwa ncha ya kidole. Linapaswa kuwa limejaa na kubonyea. Alfajiri, kabla ya chakula, napapasa tena. Linapaswa kuwa tupu. Nikikuta moja bado gumu, siku hiyo hakuna mdudu kwa yeyote, na yule mwenye gole gumu namtenga na maji yake, karibu na taa.