Namba ya gari ya kabila iheshimiwe Oklahoma nzima

Ukiendesha gari katika jimbo la Oklahoma, Marekani, hutakosa kupishana na magari ambayo namba zake hazikutolewa na jimbo. Kwenye kibao pameandikwa Cherokee Nation, au Choctaw, au Chickasaw, majina ya makabila ya Wahindi Wekundu, wenyeji wa asili wa Marekani. Mwenye gari kaenda ofisi ya kabila lake, kalipa kodi na ada huko, kakabidhiwa kibao chake na kadi ya usajili. Naunga mkono utaratibu huu bila kusitasita, na inaniudhi kuona bado kuna watu wanaopigwa faini kwa sababu yake.

Wengi huuliza kabila linapata wapi mamlaka ya kusajili magari. Linayapata kwa kuwa ni serikali. Wacherokee waliandika katiba mjini Tahlequah mwaka 1839, wakati Oklahoma ilikuja kuwa jimbo mwaka 1907. Leo wana bunge lao, mahakama zao na polisi wao. Serikali ya namna hiyo ikisajili magari ya raia wake, ajabu iko wapi? Kabila la Red Lake kule Minnesota lilianza kutoa namba mwaka 1974. Jimbo lilipogoma kuzitambua, Mahakama ya Juu ya Minnesota iliamua kwa upande wa kabila mwaka 1976.

Oklahoma yenyewe ilipata jibu lake mwaka 1993. Kabila la Sac and Fox lilikuwa likitoza kodi ya magari ya watu wake, na jimbo nalo likataka kutoza magari hayo hayo. Mahakama ya Juu ya Marekani, majaji wote kwa kauli moja, ikasema jimbo haliwezi kuwatoza kodi hiyo raia wa kabila wanaoishi katika ardhi ya Wahindi Wekundu bila idhini ya wazi ya Bunge la Marekani. Kwa hukumu hiyo mtu aliyekwisha kulipa kwa kabila lake akaepushwa kulipa mara ya pili.

Shida inaanza raia wa kabila anapohamia nje ya eneo la kabila. Hapo ndipo makubaliano kati ya kabila na jimbo yanapohitajika, na Wacherokee walifikia yao yaliyofungua mlango jimbo zima mwaka 2013. Makabila mengi madogo hayana makubaliano kama hayo. Mwishoni mwa mwaka 2023 raia mmoja wa kabila la Otoe-Missouria alisimamishwa barabarani na kuandikiwa faini ya dola 249, kisa anaishi nje ya eneo la kabila lake. Gari limesajiliwa, kodi imelipwa, na bado anarudi nyumbani na karatasi ya faini. Viongozi ndio walioshindwa kuelewana. Huyu dereva kakosa nini?

Gavana Kevin Stitt, ambaye naye ni raia wa Cherokee, anasema sheria iwe moja kwa wakazi wote wa jimbo. Mwaka huo huo wa 2023 Bunge la jimbo lilipitisha sheria ya kurefusha makubaliano ya namba za magari, akaipinga kwa kura ya turufu, Bunge likaipitisha tena juu ya kichwa chake. Naona walifanya vyema. Hoja ya usawa ingekuwa na uzito kama fedha hizo zingekuwa zinaishia mifukoni mwa wachache. Lakini Wacherokee hutenga asilimia 38 ya mapato ya namba za magari kwa shule za umma, na mtoto asiye Mcherokee anakaa kwenye darasa hilo hilo akifaidika sawa na mwenzake. Fedha nyingine huenda kwenye barabara na madaraja ambayo kila mtu anapita.

Kuna lalamiko moja la jimbo ambalo nalikubali. Kwenye barabara za kulipia, kamera hupiga picha namba ya gari, kisha bili hutumwa kwa mwenye gari kwa posta. Kama taarifa za usajili ziko kwa kabila na jimbo halizioni, bili haina pa kwenda, na barabara inakosa fedha zake. Hilo linatibika kwa kuunganisha kumbukumbu za usajili. Gari la Texas likipita Oklahoma, mwenyewe hutafutwa Texas, wala hakuna anayedai namba ya Texas ni batili. Makabila madogo yapewe nafasi hiyo hiyo: yakabidhi taarifa za magari yao, na jimbo litambue namba zao popote raia wao anapoishi. Na faini zilizokwisha kuandikwa kwa watu waliokuwa wamelipa kodi kwa makabila yao zifutwe.