Mapumziko ya nani yanahesabiwa?

Ukitaka kuwagombanisha wafanyakazi wa ofisi moja, anzisha mjadala wa wavuta sigara. Asiyevuta atakuambia mwenzake hutoka nje kila baada ya muda mfupi, na mwisho wa mwezi mshahara ni uleule. Mwaka 2017 kampuni ya Piala ya Tokyo iliwapa wasiovuta siku 6 za ziada za likizo kwa mwaka kutokana na malalamiko ya namna hiyo. Ofisi yao ilikuwa ghorofa ya 29, na wavutaji walishuka hadi chini kabisa ya jengo.

Sina ugomvi na likizo hiyo. Tatizo ni kwamba tunawahesabia dakika wale tu wanaoonekana wakitoka. Anayepekua simu nusu saa nzima mbele ya kompyuta hasemwi, maadamu makalio yako kitini! Keshia je? Akitaka kwenda msalani lazima atafute wa kumshikia nafasi, foleni ikimkodolea macho, na akirudi anamkuta msimamizi anatazama saa.

Waajiri husema muda unapotea. Ni kweli, lakini mwangalie huyo keshia mwishoni mwa zamu ndefu asiyopumzika: chenji anazidisha, bidhaa moja anaipiga mara mbili, mteja anajibiwa kwa mkato. Muda wa kurekebisha yote hayo hauandikwi popote.

Sheria nazo hazifanani. Uingereza, anayefanya kazi zaidi ya saa 6 kwa siku ana haki ya dakika 20 bila kukatizwa. Ujerumani ni dakika 30, na kazi ikizidi saa 9 zinakuwa 45. Marekani, sheria ya shirikisho haimlazimishi mwajiri kumpa mtu mzima mapumziko ya chai wala ya chakula, ila akitoa yale mafupi ya dakika 5 hadi 20 lazima ayalipie. Muda wa chakula anaweza kutoulipia, mradi mfanyakazi ameachiwa kazi kabisa.

Sharti hilo la mwisho ndilo linalovunjwa kila siku. Mtu ana kijiko mkononi, simu ya kazini sikioni, mteja anauliza mzigo wake umefika wapi, na bado nusu saa hiyo inakatwa. Ningekuwa meneja, ningeanza kwa kuweka mtu wa kumpokea keshia na mlinzi kwa saa inayojulikana. Wavuta sigara ningewafikia baadaye.